Maniema: Dirisha la milimita 11, kazi ya wembe na subira

Reli haikufika Kabambare. Njia ya CFL, kampuni iliyoundwa mwaka 1902, ilipita ng'ambo ya Lualaba: kilometa 355 toka Kindu mpaka Kongolo, zilizofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1910. Mtoto wa huku anayetaka kuona treni afunge safari, avuke mto, kisha angoje, na siku hizi kungoja treni ya SNCC si jambo dogo. Ndiyo maana treni anayoijua ni ile anayojitengenezea: behewa la karto ya sabuni, magurudumu ya vizibo, na kando yake nyumba ya kituo.

Behewa si tabu. Nyumba ndiyo huwashinda wengi, hasa pale mtu anapotaka kuitia vitu: taa juu ya mlango, bomba la maji ya mvua, kibao chenye jina la kituo. Kila kitu kinadai tundu lake, na ukuta uliochanika hauponi.

Wengi hugundisha kwanza kuta nne, halafu ndipo wanatafuta wembe. Hapo wembe unasukuma hewa, karto inabonyea. Ukuta unakatwa ungali umelala juu ya ubao. Na kabla ya kukata, kitu chenyewe kinapimwa: bomba likiwa na upana wa milimita 4, tundu linaanza na 3, kisha linapanuliwa polepole kwa msasa mpaka bomba liingie kwa kubana. Tundu dogo linaongezwa, kubwa halipunguzwi.

Kwa dirisha, pembe nne zinatobolewa kwanza kwa sindano. Wembe unaanzia kwenye pembe na kuelekea katikati ya mstari, kisha unatoka pembe ya pili kurudi katikati. Anayekata moja kwa moja toka pembe hadi pembe hupitiliza, na ule mkwaruzo utaonekana hata baada ya rangi. Mkono uwe mwepesi: kupitisha wembe mara tano au sita ni bora kuliko kukandamiza mara moja.

Karto yenye mawimbi ndani ina ukaidi wake. Ukiikata kwa kukingama mawimbi, ukingo unapondeka. Dawa iko jikoni: uji mzito wa unga wa muhogo, upakwe kwenye mstari, ukauke kabisa, ndipo ukate. Kioo kinatoka kwenye chupa ya maji ya plastiki, na kinagundishwa kwa ndani.

Huko Ulaya na Marekani watu wazima wanafanya mchezo huu kwa vipimo vikali. Kipimo chao cha kawaida kinagawa kila kitu kwa 87: mlango wa mita 2 unakuwa milimita 23, dirisha la mita 1 linabaki milimita 11 na nusu. Reli ya Kindu, iliyojengwa kwa upana wa mita 1, ingekuwa na upana wa dirisha hilo hilo. Kwa karto na wembe wa dukani, kugawa kwa 20 kunatosha: mlango sentimita 10, dirisha sentimita 5.

Asiyeona maana ya mambo haya amkumbuke Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, akafika Kinshasa mwaka 1970, akafundisha shule. Baadaye akaanza kujenga majumba kwa karatasi, karto na makopo. Alipopeleka kazi yake kwenye makumbusho ya taifa, hawakuamini kuwa ni mikono yake. Ilimbidi atengeneze nyingine ili waone. Wakampa kazi ya kukarabati vitu vya kale. Mwaka 1989 maketi zake zilionyeshwa Paris, na mwaka 1994 alikijenga upya kijiji chake kama mji mkubwa, wenye uwanja wa mpira na benki. Alifariki mwaka 2015. Miaka mitatu baadaye makumbusho ya MoMA, New York, yalimpa maonyesho yake peke yake.

Katika wilaya ambayo dhahabu ya Namoya na Salamabila inawavuta vijana mashimoni, mzazi anayemkuta mwanawe ameinamia karto humwona anachezea wakati. Lakini kupima, kugawa na kukata kwa unyoofu ndiyo masomo ya mwanzo ya ufundi wa ujenzi, na hapa yanapatikana bila minerval.

Hatari iliyopo ni wembe. Usishikwe mtupu: uvunjwe nusu, upachikwe kwenye kijiti cha mwanzi kilichopasuliwa, ufungwe kwa uzi. Wenye kutu utupwe chooni, maana kidonda chake kinaweza kuleta tetanosi. Na mtoto ambaye bado hajajua kuchonga kalamu ya risasi aachiwe kuchora mistari. Kukata akate mkubwa wake.