Uganda: Duka Halifufuliwi kwa Funguo

Yako mawazo kwamba duka lililokufa hufufuka mara linapokabidhiwa mtu mwingine. Historia ya Uganda, nchi jirani, yakanusha mawazo hayo.

Maduka ya kale katika bandari ndogo za Ziwa Viktoria na Mto Nile yalizaliwa na biashara ya misafara. Alidina Visram, mzaliwa wa India, aliwasili Afrika Mashariki mwaka 1863 akiwa kijana mdogo. Alianzia Bagamoyo, akaelekea bara, na kabla ya kufariki mwaka 1916 alikuwa na matawi Kampala, Jinja, Kisumu na hata Gondokoro. Wenye maduka wengine waliifuata njia hiyo hiyo.

Duka la ufukoni liliuza chumvi, sabuni, mafuta ya taa, majembe, nyuzi za nyavu na ndoana. Mwenye duka alikopeshwa bidhaa na mfanyabiashara wa jumla mjini, naye akawakopesha wanakijiji mpaka pamba ivunwe au samaki wauzwe. Mnyororo huo ulishikwa na uaminifu, na kumbukumbu yake ilikuwa daftari.

Mnamo Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, wakapewa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka. Maduka yao yakagawiwa watu wengine, wakiwamo askari wengi. Waliopewa waliuza walichokikuta. Wengi hawakujua kiliagizwa wapi wala kwa bei gani. Bidhaa zilipokwisha, milango ikafungwa. Chumvi na sabuni zikaadimika, magendo yakavuka ziwa, na askari aliyepaswa kuyazuia akawa mara nyingine ndiye mfanyabiashara. Uchumi ukaanguka, na nidhamu ya jeshi ikaanguka pamoja nao.

Amin aliondolewa Aprili 1979. Sheria ya mwaka 1982 iliwapa wenye mali haki ya kuzidai, na urudishaji ulishika kasi katika miaka ya mwanzo ya 1990, chini ya serikali ya Rais Museveni. Hata hivyo, wengi walikwisha kujenga maisha mapya Uingereza na Kanada. Waliorudishiwa majengo hawakurudi wote kukaa nyuma ya kaunta. Kazi ya kufufua biashara ya vijijini ikawaangukia zaidi wananchi wa Uganda: kuanza na bidhaa chache, kumlipa muuzaji wa jumla kwa wakati, na kuurudisha mkopo hatua kwa hatua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Askari naye ana wajibu katika ufufuo wa namna hiyo: kulinda njia ya bidhaa, kupambana na magendo bila kuyashiriki, na kulipia anachokichukua dukani kama mteja mwingine yeyote. Bunduki yaweza kumtoa mwenye duka kwa siku moja. Haiwezi kumfanya muuzaji wa jumla amwamini aliyeingia badala yake.