Kifungo cha Shuleni

Kwa nini Ngũgĩ wa Thiong'o aliacha kuandika riwaya kwa Kiingereza? Tuanzie shuleni. Katika Decolonising the Mind (1986) anaeleza kwamba baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwaka 1952, wakoloni walizitwaa shule za wazalendo, na kusema Kigikuyu kukawa kosa. Aliyenaswa alichapwa viboko au kuvishwa bamba shingoni, eti yeye mjinga. Mwanafunzi mmoja alipewa kifungo cha nguo. Naye alimpa aliyeteleza, hivyo hivyo hadi jioni. Kumbe mwalimu hakuhitaji kutega sikio, wanafunzi wenyewe walipelelezana! Maumivu ya kiboko hupoa; usaliti uliofundishwa haupoi. Basi Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), iliyoandikwa kwa Kigikuyu gerezani, tuisome kama jibu kwa darasa lile.