Kipuli cha Jaji Mkuu

Safari moja ilinifikisha Wote, Makueni, na kutoka hapo nikenda hadi Kitui. Mkahawani Wote, chai ya maziwa mbele yangu, niliwakuta wazee wakibishana juu ya kipuli. Si cha bibi arusi, bali cha Dakta Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui, mwaka 1947. Bwana huyu alisomesha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akatiwa kizuizini mwaka 1982, kisha akawa Jaji Mkuu wa Kenya toka 2011 hata 2016.

Alipohojiwa mwaka 2011 kabla ya kupewa cheo, hakuulizwa sheria tu. Aliulizwa juu ya kipuli chake, na kama yeye ni katika wanaume wapendao wanaume. Alijibu kuwa siye, wala hawabagui walio hivyo. Na kipuli hakivui, hata kwa cheo.

Nakiri kuwa siku ile nilicheka. Mimi ni mtoto wa chuoni, na hukumu ya dini yangu katika jambo hilo naijua. Lakini kicheko kilinikauka tarehe 11 Disemba 2012. Mahakama ya Juu iliulizwa: je, kanuni ya Katiba ya 2010, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, ianze katika uchaguzi wa Machi 2013? Majaji wengi waliamua itekelezwe hatua kwa hatua, sheria yake itungwe kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Mutunga akatengana nao: yeye aliona ianze papo hapo.

Tarehe hiyo ilifika ikapita, na sheria haikutungwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo. Halikuvunjwa.

Hapo nilimkumbuka dada yangu. Tulikaa mkeka mmoja chuoni, naye akahitimu kabla yangu. Ilipofika zamu ya skuli, baba alikuwa na ada ya mtoto mmoja. Nikaenda mimi. Dada aliambiwa asubiri kidogo. Akasubiri mpaka akaolewa.

Kitui nilimuuliza bibi mmoja mzee kama haki hizi si mambo ya kigeni. "Mwanangu," aliniambia, "sisi tuna iweto." Akanieleza kuwa mwanamke wa Kikamba asiyejaaliwa mtoto aliweza kutoa mahari, akaoa mwanamke mwenziwe, si kwa kulala naye, bali amzalie watoto wa nyumba yake, jina lisipotee. "Nani alitufundisha hayo? Mzungu?"

Sikuwa na jibu. Watu wa Kitui ndio waliomchagua Charity Ngilu, aliyegombea urais mwaka 1997, awe gavana wao mwaka 2017.

Niliporudi Mombasa nilikwenda kwa dada yangu. Nilimsimulia habari ya kipuli, akacheka kama nilivyocheka mimi. Nilipofika kwenye hatua kwa hatua, alinyamaza.