Kofia Ngumu ya Mpanda Baiskeli: Kinga au Hatari?

Mtu atokaye Ihumwa kwenda Dodoma mjini kwa baiskeli, gunia la mkaa likiwa nyuma, hupita barabara ile ile ya malori ya Morogoro. Je, akianguka, kofia ngumu humkinga, au humvunja shingo kama wasemavyo baadhi ya watu?

Kichwa kiangukacho kutoka kimo cha meta 1.5 hufika chini kwa mwendo wa meta 5.4 kwa sekunde. Kikiwa kitupu, lami hukisimamisha katika nafasi ya milimeta chache tu. Povu gumu la polistirini lililomo ndani ya kofia hubonyea kiasi cha sentimeta 2, na nguvu inayoufikia ubongo hupungua mara kadhaa. Povu hilo halirudi lilivyokuwa. Kofia iliyokwisha pata pigo haifai tena.

Hoja ya shingo si ya kupuuzwa, kwani kofia hukikuza kichwa, na pigo la kando laweza kukizungusha. Lakini Olivier na Creighton wa Australia, walipojumlisha mwaka 2016 tafiti 40 za majeruhi zaidi ya 64,000, waliona uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ukipungua kwa asilimia 69 hivi kwa waliovaa kofia. Shingo hazikuonekana kuumia zaidi.

Lori liendalo kilometa 80 kwa saa ni jambo jingine. Nishati huongezeka kwa mraba wa mwendo: hapo huwa takriban mara 17 ya ile ya anguko la kwanza, na sentimeta 2 za povu haziwezi kuimeza. Mwenye gunia la mkaa ahitaji pia njia yake kando ya lami.