Mashine ya Kufulia Inapovuja: Tuitengeneze au Tuiache?

Mashine ya kufulia nguo ikianza kuvuja, katika nyumba zetu nyingi hatua ya kwanza huwa ni kumtafuta wa kulaumiwa, na lawama humwangukia dada wa kazi: eti amejaza nguo kupita kiasi, eti ameubamiza mlango. Tungefanya vyema zaidi kumwuliza. Yeye ndiye anayekaa karibu na mashine, na swali la kwanza la fundi yeyote anayeijua kazi yake ni hili: maji hutoka wakati gani?

Kabla ya kuchungua lolote, umeme uzimwe. Ikiwa maji yamefika kwenye soketi au waya, tusiiguse plagi; tuzime swichi kuu ya nyumba kwanza. Kisha tufunge mfereji, tupanguse sakafu hadi ikauke kabisa, na tutandike magazeti makuukuu chini ya mashine. Waya na soketi zikiwa kavu, tuiwashe bila nguo ndani, tuitazame kwa mbali pasi na kuigusa. Gazeti litakalolowa kwanza litatuonyesha upande.

Sakafu ikilowa hata mashine ikiwa imezimwa, tutazame mpira unaoleta maji kutoka mferejini na maungio yake. Maji yakitoka wakati wa kujaza, huenda ni mpira huohuo, au kidroo cha sabuni kimeziba. Yakitoka wakati wa kumwaga maji machafu, tuangalie mpira wa kutolea na kifuniko cha chujio la pampu, ambacho mara nyingi hakikukazwa baada ya kusafishwa. Yakitoka mbele nguo zinapozungushwa, tuuchunguze mpira wa mlango, tukiikunjua mikunjo yake yote kwa vidole. Humo hukutwa sarafu, vifungo na, katika nyumba zetu, pini za mitandio. Pini moja yatosha kuutoboa mpira huo, na wala si dada wa kazi aliyeisahau mtandioni.

Kuna na povu. Sabuni ya unga iliyotengenezwa kwa kufulia kwa mkono hutoa povu jingi, nalo hupanda likatokea kwenye kidroo kana kwamba mashine imepasuka. Hapa pwani jambo hili lina fumbo lake. Maji ya visima vyetu vingi yamepita katika mwamba wa matumbawe yakabeba chokaa, na maji ya chokaa huizuia sabuni kutoa povu, hivyo mkono huzoea kuongeza. Masika yafikapo, tukayatumia maji ya mvua tuliyoyakinga, kipimo kilekile hufurika sakafuni. Dawa yake ni kupunguza sabuni, haihitaji fundi.

Makosa yote hayo ni mepesi, na mashine yenye kosa la namna hiyo haifai kutupwa. Lililo zito ni maji yanayodondoka katikati, chini ya pipa, hasa mashine inapokamua nguo kwa kasi, yakifuatana na mngurumo kama wa jiwe la kusagia. Hapo mpira unaozuia maji kwenye mhimili wa pipa umekwisha, na maji yameingia kwenye beringi. Kuzibadilisha kwahitaji mashine nzima ifunguliwe. Tena mashine nyingi za siku hizi pipa lake la nje limeunganishwa moja kwa moja kiwandani, halifunguki. Hununuliwa pipa zima, na bei yake hushtua.

Kwa hiyo tumwombe fundi atuonyeshe panapovuja kabla hajafungua kitu, kisha atutajie bei ya kipuri mbali na ujira wake. Tuchukue mfano wa mashine ambayo mpya yake ni shilingi 45,000. Mpira wa mlango wa shilingi elfu chache hauhitaji baraza. Lakini akitaja 25,000 kwa pipa na beringi, na mashine ina miaka minane, sisi twaona ni heri kuiacha. Upepo wa bahari nao una kauli yake: tuinamishe mashine tutazame chini, na chuma kikiwa kimeliwa na kutu hata miguu inayumba, beringi mpya zitakuwa zimewekwa ndani ya gofu.

Mashine iliyoshindikana bado ina thamani. Pampu, mota na vali zake hutafutwa na mafundi kuwa vipuri, kwa hiyo tusimwachie fundi aibebe bure kwa kisingizio cha kutuondolea mzigo. Na akija jirani kutaka kuinunua ili aitumie, aambiwe inavuja wapi, aiwashe aone kwa macho yake, ndipo bei izungumzwe.