Je, Usafi wa Nyumba Unahitaji Dawa Kali?

Tazama rafu za duka la kijiji. Zamani palikuwa na sabuni ya mche, bluu ya kufulia na viberiti. Siku hizi pana pia chupa za dawa kali ya kusafishia. Watu wengi huiita jiki, hata kama chupa ina jina jingine. Wako wanaoinunua mara kwa mara. Huimwaga sakafuni, chooni, kwenye nguo na hata kwenye maji ya kuoshea vyombo. Wanasema, "Nyumba isiyonuka dawa si safi."

Je, ni kweli? Katika makala haya tutalitazama jambo hili pamoja. Tutachukua mfano wa Maparoni, katika delta ya mto Rufiji, wilaya ya Kibiti. Hata kama wewe unaishi mbali na delta, mambo mengi tutakayosema yanakuhusu.

HALI YA DELTA

Mto Rufiji unapokaribia bahari ya Hindi hugawanyika katika matawi mengi. Katikati ya matawi hayo kuna visiwa na msitu mkubwa wa mikoko. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Watu wanalima mpunga. Wanavua samaki na kamba. Wanasafiri kwa mitumbwi na boti.

Hali hii inahusu sana usafi. Kwanza, maji ya chumvi yako karibu kila mahali, na maji matamu ni shida. Pili, nyumba nyingi zina sakafu ya udongo. Tatu, kila kinachomwagwa uani huweza kufika mtoni, na mto ndio shamba la mvuvi.

UCHAFU NA VIJIDUDU

Uchafu tunauona. Ni masizi, mafuta, matope na mabaki ya chakula. Vijidudu vya magonjwa hatuvioni kwa macho. Lakini vijidudu vingi hukaa ndani ya uchafu na mafuta.

Sabuni hushika mafuta na uchafu. Maji huvichukua vyote pamoja. Uchafu ukiondoka, vijidudu vingi huondoka nao. Vijidudu vingine huharibiwa na sabuni yenyewe. Ndiyo maana mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, watu walihimizwa kunawa mikono kwa sabuni ya kawaida. Kirusi cha korona kimevikwa ganda la mafuta. Sabuni hulipasua ganda hilo.

Sasa tuangalie jiki. Ndani yake mna klorini. Kazi ya klorini ni kuua vijidudu. Haiondoi uchafu. Tena klorini haichagui. Ikikutana na udongo, mafuta au mabaki ya chakula, nguvu yake huishia huko. Ukiimwaga juu ya uchafu, uchafu huila dawa na vijidudu hubaki.

Kwa hiyo anayemwaga jiki kwenye sakafu ya udongo anamwaga fedha zake. Harufu ataisikia, lakini kazi haikufanyika.

KAZI ZA KILA SIKU

Tuzitazame kazi za nyumbani, moja baada ya nyingine.

Vyombo. Sugua sufuria kwa makumbi ya nazi na majivu au mchanga safi, kama walivyofanya bibi zetu. Kisha osha kwa sabuni na suuza kwa maji safi. Harufu ya samaki huondolewa na ndimu. Weka vyombo juu ya kichanja, juani, vikauke. Usiviache chini wanapopita kuku na mbuzi. Kijidudu cha kipindupindu hakipendi ukavu wala jua. Kichanja cha miti hukigharimu kijiji nguvu ya mikono tu.

Nguo. Ukitumia maji ya chumvi, sabuni haitoi povu. Hugeuka utando mweupe na kukwama kwenye nguo. Wengine hapo hukimbilia jiki. Lakini dawa hiyo hula nyuzi za pamba na kupausha khanga. Ni afadhali kukinga maji ya mvua wakati wa masika na kuyaweka kwa kufulia. Kama huna maji matamu ya kutosha, tumia sabuni ya mafuta ya nazi. Hiyo hutoa povu katika maji ya chumvi kuliko sabuni nyingine. Suuza mara ya mwisho kwa maji matamu. Kanzu nyeupe na shati la shule loweka katika maji ya sabuni, kisha anika juani.

Chandarua chenye dawa ya mbu. Hiki usikitie jiki kabisa. Jiki huharibu dawa iliyomo, na mbu watapita bila hofu. Kifue kwa upole katika beseni, kwa sabuni ya kawaida na maji yasiyo ya moto. Kianike kivulini. Usikifulie mtoni wala kwenye bwawa, kwa sababu dawa ya chandarua hudhuru samaki na kamba. Maji yake yamwage mbali na mto na kisima.

Sakafu. Sakafu ya udongo ifagie na uikande upya inapopasuka. Sakafu ya saruji ioshe kwa sabuni na maji.

Choo. Sugua sakafu ya choo kwa maji ya sabuni na ufagio. Tia majivu shimoni ili kupunguza harufu na nzi. Funika tundu. Usimwage jiki nyingi shimoni. Ndani ya shimo mna vijidudu vinavyosaidia kuozesha kinyesi, nayo dawa huviua.

Mikono. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Nawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Kunawa kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu theluthi moja. Pasipo na sabuni, tumia majivu na maji.

Umeona, ndugu msomaji? Katika kazi hizi zote hatukuhitaji dawa kali hata mara moja.

SIKU AMBAYO DAWA INATAKIWA

Lakini tusiitupe chupa ile. Iko siku yake.

Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, Ulaya, daktari Ignaz Semmelweis aliona wanawake wengi waliojifungua hospitalini wanakufa kwa homa. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti, kisha wanakwenda kuzalisha. Aliwataka wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Vifo vilipungua sana. Pale hatari ilikuwa kubwa, na dawa kali ilifanya kazi yake.

Hapa kwetu hatari hiyo inaitwa kipindupindu. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 nchini walijifunza kwa redio na vitabu katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo na kusafisha mazingira. Hata hivyo, mwaka 1977 kipindupindu kilienea nchini, na Rufiji ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopatwa. Tena, kuanzia Agosti 2015 hadi mwanzo wa 2018, watu zaidi ya 33,000 waliugua Tanzania. Zaidi ya 500 walikufa.

Mwezi Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliingia mashambani na majumbani katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mafuriko yakifunika vyoo, kinyesi huchanganyika na maji ya visima. Wakati kama huo kila nyumba iwe macho.

Tuseme mtu nyumbani anaharisha maji matupu na kutapika. Mpe maji ya dawa ya kurudisha maji mwilini na mpeleke zahanati upesi. Katika delta usingoje, maana boti nayo husubiri maji yajae. Kisha fanya haya:

1. Vaa mifuko ya plastiki mikononi kama huna glavu.
2. Ondoa matapishi na kinyesi, utupe chooni. Kama sakafu ni ya udongo, kwangua udongo uliolowa kwa jembe, nao utupe chooni.
3. Osha kwa sabuni na maji mahali panapooshwa, pamoja na ndoo na beseni.
4. Sasa ndipo utie maji ya jiki. Yaache dakika 10, kisha suuza.
5. Shuka na nguo za mgonjwa zichemshe, kisha anika juani. Usizifulie mtoni wala karibu na kisima.
6. Nawa mikono kwa sabuni.

SOMA CHUPA

Hapa elimu yako ya kusoma inafanya kazi. Tafuta kwenye chupa namba ya nguvu ya dawa. Hata kama maneno ni ya Kiingereza, namba utaisoma.

Ikiandikwa 3.5 kwa mia, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji. Ikiandikwa 5 kwa mia, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 9 vya maji. Hayo ni maji ya kusafishia mahali palipochafuliwa na mgonjwa. Si ya kunywa, wala si ya kuogea.

Tengeneza kiasi cha siku hiyo tu, kwa sababu dawa iliyochanganywa hupoteza nguvu. Chupa yenyewe iweke mahali pa baridi na giza. Jua huiharibu. Angalia pia tarehe ya mwisho.

Maji ya kunywa yana dawa yake, kama vile WaterGuard. Fuata maandishi yake, au chemsha maji mpaka yatokote. Kisima kilichoingiwa na mafuriko usikitie jiki kwa kukisia. Mwite bwana afya apime.

JIHADHARI

Usichanganye jiki na ndimu, siki au dawa nyingine ya kusafishia choo. Usiimwage pia palipotuama mkojo mwingi. Hutoka hewa yenye sumu inayobana kifua. Ukiisikia, toka nje mara moja. Unapotumia jiki fungua madirisha na mlango.

Usiiweke katika chupa ya soda wala ya maji. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua. Mwenye duka akitaka kukupimia katika chupa ya soda, mwambie kwa heshima, "Samahani kaka, nipe katika chupa yake yenye maandishi." Hata fundi wa afya hawezi kujua kipimo cha dawa isiyo na maandishi.

Mtoto akiinywa, usimtapishe. Dawa iliyochoma koo ikishuka itachoma tena ikipanda. Msukutue, mpe maji kidogo kidogo kama anaweza kumeza, na mpeleke zahanati pamoja na chupa. Ikiingia jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda zahanati.

Usimwage mabaki ya dawa mtoni. Wanaokaa majini humo ni samaki na kamba tunaowavua sisi wenyewe.

Ndugu msomaji, mwenye fedha kidogo za usafi anunue sabuni kwanza. Ajenge kichanja, afunike choo, akinge maji ya mvua. Chupa moja ya jiki iwekwe juu, mbali na watoto, ingoje siku ya ugonjwa. Wala jirani asiyekuwa nayo asionekane mchafu. Pengine nyumba yake ni safi kuliko ile inayonuka dawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini jiki haifanyi kazi juu ya sakafu ya udongo?
2. Chupa imeandikwa 3.5 kwa mia. Una vikombe 2 vya dawa. Utatia vikombe vingapi vya maji?
3. Katika kijiji chenu, maji ya kufulia yanamwagwa wapi? Yanafika wapi?
4. Nyumbani kwako dawa inawekwa wapi? Je, mtoto wa miaka 3 anaweza kuifikia?

Swali la nne usilijibu kwa kukumbuka tu. Nenda ukaangalie leo.