Ugonjwa wa Madoa Meupe kwa Kamba

Mchungaji wa ng'ombe aamkapo asubuhi huwatazama wanyama wake, na yule asiyekula humjua mara moja. Mfuga kamba hawezi kufanya hivyo. Wanyama wake ni maelfu kwa maelfu, nao wamo chini ya maji yenye rangi ya matope. Siku atakapowaona wakijikusanya ukingoni mwa bwawa, mara nyingi amekwisha chelewa. Kwa hiyo imempasa kuutafuta ugonjwa kabla haujaonekana.

Kamba hao ni jamaa ya wale ambao watu wa pwani yetu huwavua penye mikoko. Katika nchi nyingi za Asia na Amerika hufugwa katika mabwawa ya maji ya chumvi yaliyochimbwa karibu na bahari. Mwaka 1992 ugonjwa mgeni ulizuka Taiwan. Mwaka uliofuata uliharibu mabwawa ya China, hata mavuno ya kamba wa kufugwa yakapungua kupita nusu. Mwaka 1999 ulifika Ekwado, ng'ambo ya bahari ya Pasifiki. Mwaka 2011 ukaonekana Msumbiji, na mwaka 2012 Madagaska. Basi hata kwa jirani zetu umekwisha bisha hodi.

Ugonjwa huu huletwa na virusi, vitu vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vikipangwa mstari mmoja kwa urefu wake, vipatavyo 3,000 havipiti milimita moja. Kamba aliyeshikwa huacha kula, huogelea kwa unyonge, na pengine mwili wake huwa mwekundu. Ndani ya gamba lake hutokea madoa meupe, yenye upana wa nusu milimita hata milimita 3. Tangu dalili hizo zionekane, bwawa zima laweza kufa katika muda wa siku 3 hadi 10. Mtu akila kamba huyo hapati ugonjwa huu, maana virusi hivi havimdhuru binadamu.

Je, hapana dawa? Hapana. Samaki mwenye uti wa mgongo aweza kuchanjwa. Samoni wa Norwei huchomwa sindano mmoja mmoja. Lakini mwili wa kamba hauna ule uwezo wa kuukumbuka ugonjwa na kutengeneza kinga yake kama mwili wa samaki au wa mtu, na chanjo ya namna hiyo haimfai. Lililobaki ni kufunga milango.

Na milango ni mingi. Mama aliye na virusi huwapa watoto wake, kwa hiyo vifaranga hununuliwa kwa yule tu ambaye wazazi wa kamba zake wamepimwa. Kaa naye huvibeba virusi bila kufa, akatembea usiku kutoka bwawa hadi bwawa. Ndiyo sababu wafugaji wengine huzungusha ukuta mfupi wa plastiki kando ya mabwawa. Ndege hudokoa kamba mgonjwa hapa na kumwangusha pale. Maji huchujwa kwa wavu wenye matundu madogo sana, kisha hutiwa klorini na kuachwa siku kadhaa kabla ya kamba kutiwa. Mavuno yakiisha, bwawa hukaushwa kwa jua mpaka tope lipasuke, na kunyunyiziwa chokaa. Hata viatu vya mgeni huchovywa katika dawa, wala asione haya wala kuudhika.

Sasa tueleze kupima, kwa kuwa ni jambo la ajabu. Mpimaji hukata kipande cha tamvua au cha mguu wa kuogelea. Ndani yake hutoa nyuzi nyembamba za urithi, ambazo kila kiumbe ana za namna yake. Mashine huzipasha moto na kuzipoza, na kila mara ifanyapo hivyo, uzi wa virusi, kama upo, huzaa mwenziwe. Mmoja huwa 2, wawili huwa 4, kisha 8. Mwanafunzi ajuaye hesabu na aendelee mwenyewe: baada ya mara 10 atapata 1,024, na baada ya mara 30 atapita milioni elfu. Hapo hata kirusi kimoja kilichojificha hujulikana. Lakini kupima kifaranga kimoja hakutoshi. Ikiwa wagonjwa ni 2 tu katika kila 100, yampasa mtu kupima vifaranga kama 150 ili awe na hakika ya 95 kwa 100 kwamba hatawakosa.

Mwisho wa mwaka 2016 madoa meupe yalionekana katika shamba moja kando ya mto Logan, katika jimbo la Queensland, Australia. Serikali ikatia klorini katika mabwawa na kuwaua kamba wote waliokuwamo, ikakataza kamba wabichi kutolewa katika eneo lile. Hata hivyo mashamba saba yalipatwa. Virusi viliingiaje? Haikuthibitishwa. Lakini wengi walitilia shaka kamba wabichi waliogandishwa kwa barafu, walioletwa kutoka nchi nyingine ili waliwe. Barafu haiviui virusi hivi, na wavuvi wa ndoana huwanunua kamba hao dukani wakawafanya chambo. Mimi naona mlango huu ndio wa hatari kuliko yote, kwa kuwa mvuvi yule hana bwawa wala hajui kwamba amechukua kitu kibaya. Januari 2017 Australia ilisimamisha kwa miezi kadhaa kuingizwa kwa kamba wabichi kutoka nje.

Mabwawa ya Logan yakaachwa matupu, kisha kamba wapya wakatiwa. Mwaka 2020 ugonjwa ukarudi. Virusi vilikuwa vimekwisha onekana katika kamba na kaa wa ghuba ya Moreton, ambamo mto ule humwaga maji yake, na ghuba haiwezi kukaushwa wala kutiwa klorini.